Kipimo Kimoja kwa Kihonda na Mkuyuni

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 471,409 ndani ya Manispaa ya Morogoro. Wote hao wana mbunge mmoja wa jimbo. Sensa hiyohiyo ilihesabu watu 387,736 katika Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro, ile inayoanzia Mikese na Kiroka, ikapanda migongo ya Uluguru kupitia Mkuyuni na Kinole, kisha ikateremka hadi Mvuha na Kisaki. Hao wana wabunge wawili, mmoja wa Morogoro Kusini na mwingine wa Morogoro Kusini Mashariki. Gawanya mwenyewe, msomaji. Mbunge wa mjini anabeba watu 471,409, na kila mmoja wa wale wawili anabeba, kwa wastani, watu 193,868. Sauti ya mkazi wa Mkuyuni bungeni ina uzito wa karibu mara mbili na nusu ya sauti ya mkazi wa Kihonda, na kati ya makazi yao ni safari fupi ya daladala. Hoja yangu ni kwamba tofauti hii haina sababu inayoweza kutetewa, kwamba chanzo chake ni kanuni tunayoweza kuibadilisha, na kwamba wakati wa kuibadilisha ni sasa, kabla mchakato wa majimbo kuelekea 2030 haujaanza.

Ni vyema kwanza kuona watu hao 471,409 wako wapi, kwa sababu neno "mjini" linatupotosha. Mji wa zamani wa Morogoro ni eneo dogo lililobanwa kati ya reli na miguu ya mlima: Boma, Kingo, Mji Mkuu, Sabasaba, Sultan Area. Huko hakuna tena nafasi ya kujenga. Mwaka 2012 Manispaa nzima ilikuwa na watu 315,866. Ongezeko la zaidi ya watu 155,000 katika miaka kumi limekwenda nje ya mji huo, upande wa Kihonda, Lukobe, Mkundi, Tungi na Kingolwira, kwenye ardhi ambayo sehemu yake ilikuwa mashamba ya mkonge. Tangu Juni 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa inasafirisha abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na stesheni yake iko upande huohuo wa Kihonda, mbali na stesheni ya zamani. Mtu anaweza sasa kuishi Mkundi na kushughulika Dar es Salaam. Kila dalili inaonyesha kwamba viunga hivi vitaendelea kujaa. Basi tunaposema kura ya mjini imepungua uzito, anayepungukiwa kwa sehemu kubwa ni huyu wa pembezoni: mwalimu aliyenunua kiwanja Lukobe, fundi aliyejenga vyumba viwili Mkundi, mama anayelima mchicha bondeni na kuuza genge la mtaa. Mwenye jengo la ghorofa karibu na Soko Kuu la Chifu Kingalu ana njia nyingine za kusikilizwa.

Mahitaji ya watu wa viunga, kwa bahati mbaya yao, ni yale hasa yanayoamuliwa kwa fedha na sheria za taifa. Maji ya mji yanategemea sana Bwawa la Mindu, lililojengwa miaka ya 1980 kwenye Mto Ngerengere, wakati mji ulikuwa mdogo kuliko sasa. Bwawa hilo limekuwa likijaa tope kutoka mashamba ya juu yake, na mtandao wa mabomba umekuwa ukikimbizana na nyumba bila kuzifikia. Kupanua chanzo cha maji cha mji wa karibu nusu milioni ni kazi ya bajeti ya Wizara ya Maji na mikopo ya nje, haiwezi kulipwa kwa ushuru wa Manispaa. Upimaji wa viwanja na migogoro ya mashamba ya zamani viko Wizara ya Ardhi. Barabara za mitaa ziko TARURA, walimu na waganga wako TAMISEMI na wizara zao. Diwani wa Mkundi hana kiti katika kikao kinachopitisha bajeti hizo. Mwenye kiti ni mbunge, naye anapewa dakika zilezile za kuchangia anazopewa mbunge wa jimbo lenye nusu ya watu wake, na anauliza maswali kwa utaratibu uleule. Hata Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, una sehemu inayogawanywa sawasawa kwa kila jimbo bila kujali wingi wa watu. Kwa sehemu hiyo, watu 387,736 wanapata mafungu mawili na watu 471,409 wanapata moja.

Tumefikaje hapa? Jibu liko kwenye vigezo. Mapema mwaka 2025, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilipokaribisha maombi ya kugawa majimbo, iliweka kigezo cha idadi ya watu cha aina mbili: 600,000 au zaidi kwa majimbo ya mijini, 400,000 au zaidi kwa majimbo ya vijijini. Maombi yalipita katika halmashauri, yakaenda kamati za ushauri za mikoa, kisha yakafika Tume. Mei 12, 2025 Tume ilitangaza majimbo mapya manane, yakatoka 264 na kuwa 272. Orodha yake inaonyesha wazi kwamba Tume inajua watu wanakwenda wapi. Kivule ilitoka Ukonga na Chamazi ikatoka Mbagala, zote pembezoni mwa Dar es Salaam; Mtumba ilitoka Dodoma Mjini na Uyole ikatoka Mbeya Mjini. Nusu ya majimbo mapya yalikuwa ya viunga vya miji. Mkoa wa Morogoro haukupata hata moja, ukabaki na majimbo yake 11.

Ukishika kigezo hicho peke yake, Morogoro Mjini haikustahili, kwa kuwa 471,409 haifiki 600,000. Lakini geuza kigezo hichohicho upande wa pili. Halmashauri ya Wilaya yote, kwa watu wake 387,736, haifiki hata 400,000 zinazotakiwa ili jimbo moja la vijijini lifikiriwe kugawanywa. Kwa kanuni ya leo ingekuwa jimbo moja, tena lisilo na sifa ya kugawanywa, ilhali ina majimbo mawili. Kigezo kinatumika kuzuia kugawa, hakitumiki kupima upya kilichokwisha kugawanywa zamani. Jirani zao wa Mvomero walikuwa 421,741 mwaka 2022, wamevuka kiwango cha vijijini, na bado wana jimbo moja. Kwa hiyo ndani ya eneo moja linaloizunguka milima ya Uluguru tuna vipimo vitatu tofauti, na ni kimoja tu kinachofuata kile kilichotangazwa. Muuza nafaka akikutwa sokoni na pishi tatu za ukubwa tofauti, wateja hawatamuuliza ni ipi anayoipenda zaidi. Watataka moja iliyothibitishwa.

Hata kigezo kile kingetumika kwa uaminifu kamili, kingebaki na kasoro ya msingi. Kuandika 600,000 kwa mji na 400,000 kwa kijiji ni kusema, kabla ya kuchora mstari wowote, kwamba mtu wa mjini ni theluthi mbili ya mtu wa kijijini. Ibara ya 75 ya Katiba inaitaka Tume izingatie njia za mawasiliano na hali ya kijiografia, na ichunguze mipaka angalau kila baada ya miaka kumi. Haiweki ukomo wowote wa tofauti ya watu kati ya jimbo na jimbo. Hapo ndipo penye pengo. Kenya waliliziba kwa Katiba yao ya 2010: jimbo la mji au la eneo lenye watu wachache linaweza kupishana na wastani kwa asilimia 40 tu, na majimbo mengine kwa asilimia 30. Tuupime Mkoa wa Morogoro kwa kamba hiyo. Watu wake ni 3,197,104 na majimbo ni 11, kwa hiyo wastani ni watu 290,646. Morogoro Mjini imepita wastani kwa asilimia 62. Yale majimbo mawili ya Halmashauri ya Wilaya, yakichukuliwa pamoja, yako chini ya wastani kwa theluthi moja. Hata kwa uvumilivu mkubwa wa Wakenya, Morogoro Mjini ingekuwa nje ya mstari, na Halmashauri ya Wilaya ingepita tu iwapo ingehesabiwa kuwa eneo lenye watu wachache.

Pingamizi la kwanza na lenye nguvu ni la jiografia, nami nalipa uzito unaostahili. Uluguru si nchi tambarare. Kilele cha Kimhandu kinapita mita 2,600, vijiji vimetawanyika kwenye miteremko, na msimu wa masika barabara za huko hukatika. Mbunge wa Morogoro Kusini akitoka Kisaki kwenda vijiji vya mlimani anakula siku nzima njiani. Halmashauri yenyewe, yenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 12,000, ilihamishia makao yake Mvuha ili iwe karibu na watu. Kwa nini basi watu hawa wasipewe mbunge wa ziada? Ninajibu kwamba ugumu wa njia ni sababu ya kupunguza kidogo idadi ya watu katika jimbo, na lazima mtu aseme hicho kidogo ni kiasi gani. Bila ukomo, jiografia inageuka kuwa neno la kuhalalisha tofauti yoyote ile. Tena dawa ya barabara mbovu ni barabara nzuri. Kijiji kinachokatika kila masika kinahitaji daraja, na mbunge wa pili aliyekwama upande wa pili wa mto hakisaidii. Na pingamizi hili linasahau kwamba Manispaa nayo ina mlima. Kata za Mlimani na Luhungo zimo ndani ya Morogoro Mjini, na wakazi wake wanapanda vijia vilevile na ndizi zao kichwani. Wao wanahesabiwa kuwa wa mjini na kupewa uzito mdogo wa kura. Wa Mikese, waliokaa kando ya lami ya barabara kuu ya Dar es Salaam, wanahesabiwa kuwa wa kijijini na kupewa uzito mkubwa. Kama jiografia ndiyo iliyochora mstari huu, imeuchora kwa kinyume.

Wapo walioutafutia ugumu wa umbali hesabu ya wazi. Australia ina majimbo makubwa kuliko nchi nyingi, na bunge la kila dola yake limelazimika kuuliza swali hilihili. Katika baraza la chini la bunge lake, Australia Magharibi iliendelea kwa miongo mingi kuzipa kura za mashambani uzito zaidi ya kura za Perth, mpaka sheria ikabadilishwa mwaka 2005. Leo kanuni ya huko ni usawa wa idadi ya wapigakura, na mlango mmoja tu ulioachwa wazi kwa ajili ya umbali: jimbo lenye ukubwa wa kilomita za mraba 100,000 au zaidi linaongezewa wapigakura wa kufikirika sawa na asilimia 1.5 ya idadi ya kilomita zake za mraba. Halmashauri yetu ya Morogoro haingefika popote karibu na ukubwa huo. Na hata tukiipa nafuu hiyo kwa hisani, kwa eneo lake lote ingeongezewa chini ya watu 200. Katika Victoria, yenye majimbo 88, sheria hairuhusu jimbo kupishana na wastani kwa zaidi ya asilimia 10. Viunga vya Melbourne vinafurika kama Kihonda inavyofurika, kwa hiyo mipaka huchorwa upya mara kwa mara. Mwaka 2021 ilipochorwa, majimbo kama Kalkallo na Greenvale yalizaliwa upande wa kaskazini mwa jiji, na majimbo ya vitongoji vya zamani yakafutwa ili kupisha. Idadi ya majimbo ilibaki 88. Huko jimbo huwafuata watu, na kamati inayochora ina jaji, mkuu wa uchaguzi na mpimaji mkuu wa ardhi, bila mwanasiasa hata mmoja. Sisi si matajiri kama wao, lakini kugawanya namba mbili hakuhitaji utajiri.

Pingamizi la pili husema mji una sauti nyingine. Mkuu wa mkoa yuko mjini, hospitali ya rufaa iko mjini, redio ziko mjini, vyuo vikuu viko mjini. Mwanakijiji hana chochote isipokuwa mbunge wake. Kuna ukweli ndani yake. Lakini ofisi kuwa mjini hakumfanyi mkazi wa Lukobe kuwa na neno ndani ya ofisi hiyo, na chuo kikuu kuwa Mazimbu hakumletei bomba. Pingamizi hili pia linachukulia kwamba kijiji na mji vinagombea fungu moja, ilhali Uluguru inatufundisha vingine. Mto Ruvu unaochota maji yake milimani hunywesha Dar es Salaam. Mito inayolisha Mindu hupita upande wa Mlali katika Wilaya ya Mvomero. Mkulima wa Kinole anauza machungwa na ndizi katika soko la mji. Mbunge mwenye watu pande zote mbili angelazimika kuwatetea wote: wanaolinda chanzo na wanaofungua bomba.

Watu wengine wataniuliza kuhusu Zanzibar, na ni haki yao. Zanzibar ina watu 1,889,773 na majimbo 50 katika Bunge la Muungano, wastani wa watu wasiofika 38,000. Bara ina wastani wa takriban 269,600 kwa kila jimbo kati ya 222. Kama tofauti hiyo inavumilika, kwa nini isivumilike ya Kihonda na Mkuyuni? Kwa sababu ile ina msingi wa mkataba kati ya nchi mbili zilizoungana, na mshirika mdogo katika muungano hulindwa asimezwe. Australia pia inaihakikishia Tasmania viti visivyopungua vitano katika bunge la shirikisho, haidhuru watu wake ni wangapi, kwa kuwa ilikuwa mojawapo ya dola zilizoungana mwanzoni. Mkataba huo unaweza kujadiliwa mahali pake. Lakini Manispaa na Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro hazikuungana kwa mkataba wowote. Zilitenganishwa kwa maamuzi ya kiutawala ndani ya nchi moja, na mstari kati yao hauna utakatifu.

Linabaki la gharama. Wananchi wengi wamechoka kuongezewa wabunge, na hapo niko upande wao. Ndiyo maana sidhani kwamba njia bora ni kuipa tu Morogoro Mjini kiti cha pili, ingawa hiyo ni afadhali kuliko hali ya sasa. Jumlisha watu wa Manispaa na wa Halmashauri ya Wilaya: ni 859,145. Viti vyao vya sasa ni vitatu. Ukivigawa sawa, kila jimbo linakuwa na watu 286,382, pungufu ya wastani wa mkoa kwa chini ya asilimia mbili. Usawa unapatikana pasipo kuongeza kiti hata kimoja wala shilingi moja ya mshahara. Jimbo moja lingeshika mji wa zamani na kata za reli upande wa Kihonda, kwa kadiri idadi itakavyoruhusu. La pili lingeunganisha viunga vya mashariki, yaani Bigwa, Tungi na Kingolwira, na jirani zao wa Mikese, Kiroka na Mkuyuni, ambao soko lao ni moja. La tatu lingebaki na upande wa Mvuha na Kisaki pamoja na milima ya kusini. Mistari kamili ichorwe na wataalamu kwa kufuata kata. Ninachosema ni kwamba hesabu inawezekana.

Kikwazo kitakachotajwa mara moja ni kigezo kingine cha Tume, kwamba jimbo moja lisikae ndani ya halmashauri mbili. Ni kigezo chenye faida: mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani, na kuhudhuria mabaraza mawili kunachosha. Lakini uchovu wa mtu mmoja haulingani na kupunguzwa kwa sauti ya watu laki nne na ushee. Na majimbo yaliwahi kuvuka mipaka mikubwa zaidi katika historia yetu. Mwaka 1958, Julius Nyerere aliposimama na kumshinda Patrick Kunambi, mtu wa Uluguru, kiti walichogombea kilikuwa cha Jimbo zima la Mashariki. Uchaguzi ule ulikuwa wa kura tatu, kila mpigakura akilazimishwa kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na TANU iliupinga kwa hoja kwamba watu wachache walikuwa wanapewa uzito wa watu wengi. Taifa hili lilianza safari yake ya kura kwa kulilia usawa wa mtu na mtu, na hapakuwa na masharti ya mji wala kijiji ndani ya madai yale.

Kuna jambo moja zaidi linalofanya suala hili liwe la kazi ya mikono yetu na si la mahakama. Ibara ya 74 ya Katiba inazuia mahakama kuchunguza jambo lililotendwa na Tume katika kutekeleza madaraka yake. Mkenya asiyeridhika na mpaka wa jimbo lake anakwenda Mahakama Kuu. Mkazi wa Mkundi hana mlango huo. Mlango wake ni Baraza la Madiwani la Manispaa, kisha Kamati ya Ushauri ya Mkoa, kisha Tume. Kwa hiyo baraza likinyamaza, hakuna atakayesema.

Nawaomba madiwani wa pande zote mbili, wa Manispaa na wa Halmashauri ya Wilaya, wakae pamoja wasisubiri tangazo. Tume nayo iandike kigezo kimoja cha watu kwa jimbo la mji na la kijiji, itaje kwa asilimia ni kiasi gani jimbo linaweza kupishana na wastani kwa ajili ya milima na mito, na ipime kwa kigezo hicho majimbo yote, ya zamani na mapya. Tangu 2012 hadi 2022 Manispaa ya Morogoro ilikua kwa takriban asilimia 4 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo itavuka watu 600,000 kabla ya uchaguzi wa 2030, na isipofanyika kitu, wote watampigia kura mbunge mmoja.